Biti ya ruta kwa mkato usio wa kawaida: anza na umbo, si na duka

Mteja anaingia karakanani na kipande cha ubao cha urefu wa shubiri mbili. Kimetoka kwenye fremu ya dirisha la nyumba ya kale. Chini kimeliwa na mchwa na chumvi, juu bado ni kizima. Anataka kingine kama hicho, mita tatu, na kisijulikane kuwa ni kipya. Seremala anakitazama: kuna bonde, kuna ngazi ndogo, kuna ukingo wa mviringo. Ruta anayo. Biti ya umbo hilo hana, na maduka ya hadiwea aliyoyazunguka hawaijui.

Hapa ndipo kazi nyingi zinapopotea. Wapo mafundi wanaoirudisha kazi, mteja akaenda kununua dirisha la aluminiamu. Wapo wanaonunua seti ya biti kumi na mbili wakitumai mojawapo itakaribia, kisha wakaweka kiraka kinachoonekana tangu upande wa pili wa barabara. Na wapo wanaolazimisha biti isiyofaa mpaka ubao wa mvule ukapasuka au kidole kikaenda nao.

Jibu kwa ufupi ni hili: mkato usio wa kawaida mara nyingi ni mikato miwili au mitatu ya kawaida iliyopangwa pamoja. Ukilipima umbo na kuligawa, biti utazipata. Usipolipima, hata duka lenye biti mia halitakufaa. Makala haya yanaeleza jinsi ya kulipima, jinsi ya kuisoma biti, na la kufanya biti inapokosekana kabisa.

Ruta na biti zake

Ruta tunayoizungumzia si ile ya intaneti. Ni mashine ya mkono yenye mota inayozungusha biti kwa kasi kubwa, nyingi zikifika mizunguko 20,000 hadi zaidi kwa dakika, ili kukata mifereji, kingo na maumbo kwenye mbao. Inaweza kushikwa kwa mikono au kufungwa kichwa chini kwenye meza.

Biti ina sehemu tatu za kujua. Shina ni ile fimbo laini inayoingia kwenye mashine. Makali ni sehemu inayokata. Beringi, kwa biti zilizo nayo, ni kigurudumu kidogo kinachoegemea ukingo wa ubao ili mkato usizidi kuingia ndani. Kinacholibana shina kwenye mashine huitwa koleti.

Biti za kawaida ni hizi: iliyonyooka, ya kukata mfereji wenye sakafu bapa, ya ncha ya mviringo, inayoacha bonde, ya kuzungusha ukingo, ya kuchimba ukingo kwa ndani, kinyume cha hiyo, ya herufi V, ya mkia wa njiwa, iliyo pana chini na nyembamba juu, ya ngazi, inayokata pahali pa kukalia kioo, na ya bakuli, yenye sakafu bapa na pembe zilizolainishwa. Nyingine zote karibu ni ndugu au watoto wa hizi.

Majina yao hubadilika kutoka duka hadi duka na kutoka kiwanda hadi kiwanda. Mchoro haubadiliki. Ndiyo maana usiende dukani na jina. Nenda na mchoro wenye vipimo.

Pima umbo kwanza

Kwa kipande cha zamani, anza kwa kuondoa rangi. Nyumba nyingi za Pwani zimepakwa rangi tabaka juu ya tabaka kwa miaka mingi, na kila tabaka hujaza mabonde na kunenepesha kingo. Ukipima juu ya rangi, unapima rangi. Ondoa sehemu fupi tu, upana wa vidole vitatu, mpaka ubao uonekane. Rangi za zamani huweza kuwa na risasi, kwa hivyo usizisugue kwa msasa mkavu. Zilowanishe, zikwangue, vaa barakoa, na ukusanye maganda mahali ambapo watoto hawatafika.

Kisha chukua umbo la kipande kwa upande wa kichwa. Kama unaweza kukikata, kata mwisho wake kwa msumeno mkali, ukiwa umenyooka kabisa. Njia rahisi ya kupata mchoro sahihi ni kwenda kwenye saiba iliyo karibu, ukilaze kichwa cha kipande juu ya kioo cha mashine ya fotokopi, uweke na rula kando yake, kisha utoe nakala bila kukuza wala kupunguza. Rula iliyo kwenye nakala ndiyo shahidi: kama sentimita moja ya nakala hailingani na sentimita moja ya rula yako, nakala imepungua au imezidi.

Kama kipande hakiwezi kutolewa ukutani, tumia kipima umbo chenye sindano nyingi, kile kinachotumiwa pia na mafundi wa vigae. Ukikosa, kata kadibodi ngumu kidogo kidogo mpaka ikae sawasawa kwenye umbo. Pima mahali patatu tofauti. Kazi ya zamani ilikatwa kwa mkono, na bonde la mwanzo wa ubao si lazima liwe sawa na la mwisho.

Sasa ligawe umbo. Kwenye mchoro, weka alama mahali kila mstari unapobadilika: hapa bapa, hapa bonde, hapa ngazi, hapa mbinuko. Kila sehemu iandikie upana na kina chake.

Sehemu inayowasumbua wengi ni mviringo. Biti za mviringo huuzwa kwa nusu kipenyo, na huwezi kupima nusu kipenyo cha bonde kwa rula, kwa sababu unachokiona ni kipande tu cha duara. Hesabu yake ni rahisi. Pima upana wa bonde kutoka mdomo hadi mdomo, na kina chake katikati. Zidisha upana kwa upana, gawanya kwa mara nane ya kina, kisha ongeza nusu ya kina.

Tuseme bonde lina upana wa milimita 20 na kina cha milimita 5. Ishirini mara ishirini ni 400. Mara nane ya 5 ni 40. 400 kugawanywa kwa 40 ni 10. Ongeza nusu ya 5, yaani 2.5. Nusu kipenyo ni milimita 12.5, na kipenyo kizima ni milimita 25.

Hapo usishangae. Biti za ncha ya mviringo huuzwa sana kwa inchi, na inchi moja ni milimita 25.4. Ikitumbukizwa kina cha milimita 5, biti hiyo ya inchi moja inaacha bonde la upana wa milimita 20.2. Tofauti ya sehemu mbili za kumi ya milimita haionekani kwa jicho, na msasa unaimaliza. Kumbuka pia kwamba kazi nyingi za zamani zilipimwa kwa inchi. Namba ya milimita inapokuja na mkia usioeleweka, igawanye kwa 25.4 uone kama haiangukii kwenye nusu, robo au thumuni ya inchi.

Jinsi ya kuisoma biti

Karatasi ya biti au katalogi huwa na herufi chache. Herufi D kubwa kwa kawaida ni kipenyo cha sehemu inayokata. R ni nusu kipenyo cha mviringo. L ni urefu wa biti nzima. Urefu wa makali na unene wa shina huandikwa kwa herufi zinazotofautiana, kwa hivyo tazama mshale wa mchoro unaelekea wapi, usikisie.

Unene wa shina ndio wa kuangaliwa kwa macho mawili. Shina huja kwa milimita 6, milimita 8, milimita 12, na kwa inchi: robo inchi, ambayo ni milimita 6.35, na nusu inchi, ambayo ni milimita 12.7. Kwa jicho, 6 na 6.35 ni kitu kimoja. Kwa mashine si kitu kimoja. Shina la 6.35 haliingii kwenye koleti ya 6. Hilo angalau linakuonya. Hatari ni kinyume chake: shina la 6 linaingia kwenye koleti ya 6.35, linaonekana limebana, kisha linateleza mota inapochapa kazi. Biti huchomoka au hushuka na kuula ubao. Hali ni hiyo hiyo kwa shina la 12 kwenye koleti ya 12.7. Mashine za mtumba zimetoka nchi mbalimbali, nyingine za inchi na nyingine za milimita, kwa hivyo pima koleti yako kwa kalipa kabla ya kununua biti hata moja. Usijaze pengo kwa karatasi, mkebe wala tepu.

Kama mashine yako inakubali shina nene na shina jembamba, nunua nene. Shina nene hupinda kidogo na hutetemeka kidogo, na mkato wake ni laini. Kwa biti ndefu au pana, shina la robo inchi ni la kuepukwa.

Biti yenye beringi ina hesabu yake pia. Kina inachoingia kwenye ukingo ni kipenyo cha makali, toa kipenyo cha beringi, gawanya kwa mbili. Biti ya ngazi ya milimita 32 yenye beringi ya milimita 12 inakata ngazi ya milimita 10. Ukiivua beringi hiyo na kuweka ya milimita 16, biti ile ile inakata ngazi ya milimita 8. Biti moja na beringi tatu nne ni sawa na biti tatu nne, na beringi ni rahisi kwa bei.

Maswali matatu kabla ya kukata

Ukishapata biti inayolingana na mchoro, iulize maswali matatu.

Kwanza, itaingia wapi? Biti nyingi hazina makali katikati ya ncha. Ukiishusha wima kama keekee itachoma ubao badala ya kukata. Ya namna hiyo iingize kutokea pembeni, au ishushe taratibu huku ukiisogeza.

Pili, itatoka wapi? Biti iliyo pana chini kuliko juu, kama ya mkia wa njiwa, haiwezi kuinuliwa katikati ya mkato. Ukiinua, unaharibu kazi yote uliyoifanya. Lazima itokee upande wa pili, au irudi pale ilipoingilia mashine ikiwa bado inazunguka.

Tatu, itaegemea nini? Biti haijiongozi yenyewe. Inahitaji beringi iguse ukingo, au mwongozo wa pembeni, au kiolezo cha plaiwudi. Kama mkato wa kwanza utaondoa mahali ambapo beringi ya mkato wa pili ilipaswa kuegemea, mpangilio wako umekosea. Ubadilishe sasa, kabla ya kuwasha mashine.

Mfano wa kwanza: ukanda wa dirisha la kale

Turudi kwenye kipande chenye bonde, ngazi na ukingo wa mviringo. Tuseme mchoro umeonyesha unene wa milimita 22, bonde la milimita 20 kwa 5, ngazi ya milimita 3, na ukingo wa mviringo wenye nusu kipenyo cha milimita 6 na kitu. Hakuna biti moja ya umbo hili. Biti mbili zinatosha.

Bonde linakatwa kwa biti ya ncha ya mviringo ya inchi moja, mashine ikiongozwa na mwongozo wa pembeni. Likate kwa awamu, milimita 2 hivi kila mara, na awamu ya mwisho iwe nyembamba ili sakafu itoke laini. Anza na bonde wakati ukingo wa ubao bado ni mzima na umenyooka, kwa sababu mwongozo unauegemea huo.

Kisha ukingo. Biti ya kuzungusha ukingo ya robo inchi ina nusu kipenyo cha milimita 6.35. Ukiishusha sawa na uso wa ubao inatoa mviringo mtupu. Ukiishusha zaidi kwa milimita 3, inatoa mviringo na ngazi ya milimita 3 kwa mpigo mmoja. Jumla imeshuka milimita 9.35, na kwenye unene wa 22 unabaki ukingo wa zaidi ya milimita 12 wa kuegemea beringi. Unatosha.

Kata umbo kwenye ubao mpana, halafu ndipo upasue ukanda kwa upana unaoutaka. Ukanda mwembamba hutetemeka na hauna mahali salama pa kushika. Na kata urefu wa ziada, kwa sababu kuurudia mpangilio ule ule wiki ijayo ili kuongeza nusu mita ni kazi ngumu kuliko ile ya kwanza.

Mfano wa pili: mashimo ya bao

Bao la Kiswahili lina safu 4 za mashimo 8, jumla 32, na kuyachonga yote kwa mkono ni kazi ya siku nyingi. Ruta inasaidia, lakini wengi huchagua biti ya ncha ya mviringo. Biti hiyo ni nzuri kwa mfereji, ila kwenye shimo pana inaacha matuta sakafuni. Inayotakiwa ni ya bakuli, yenye beringi upande wa juu wa makali, ikizunguka ndani ya kiolezo kilichotobolewa. Beringi ikiwa na kipenyo sawa na cha makali, shimo la ubao litakuwa sawa na shimo la kiolezo.

Hapa kuna mtego. Unene wa kiolezo lazima ulingane na urefu wa makali. Tuseme makali yana urefu wa milimita 16 na mkato wa kwanza ni wa kina cha milimita 3. Milimita 13 za makali bado ziko juu ya ubao, na beringi iko juu ya hizo. Kiolezo cha plaiwudi ya milimita 12 hakitaifikia beringi. Makali yatakula kiolezo chenyewe. Tumia cha milimita 18, au gundisha plaiwudi mbili.

Kisha kuna ile nyumba, shimo ambalo kwenye mabao mengi huchongwa mraba. Ruta haikati kona ya ndani ya mraba, hata ukiinunulia biti ya bei gani. Biti ni duara, na kila kona ya ndani itabaki na mviringo wa nusu ya kipenyo chake: biti ya milimita 12 inaacha mviringo wa milimita 6. Kona zile zinamaliziwa kwa patasi. Ni vivyo hivyo kwa kitanda cha bawaba na tundu la kufuli.

Mfano wa tatu: mkia wa njiwa chini ya meza

Hewa ya Pwani ina unyevu, na uso mpana wa meza hupinda. Dawa ya zamani ni kupitisha ubao mwembamba chini yake ndani ya mfereji wa mkia wa njiwa, bila gundi isipokuwa katikati, ili mbao zitanuke na kusinyaa bila kupasuka.

Biti ya mkia wa njiwa ya nusu inchi yenye pembe ya digrii 14, ikikata kina cha milimita 12.7, ina shingo ya milimita 6.4 hivi. Shingo hiyo ndiyo inayobeba nguvu zote, na biti hii haikatwi kwa awamu: lazima ikae kwenye kina chake kamili tangu mwanzo. Kwa hivyo ipunguzie kazi. Pitisha kwanza biti iliyonyooka ya milimita 6 katikati ya mstari, kwa awamu, karibu kufikia kina. Ukitumia ya milimita 8 utakuwa umepanua mdomo wa mfereji na kuuharibu mkia. Halafu ndipo upitishe ya mkia wa njiwa mara moja, kwa mwendo usiokatika. Hufuatwa utaratibu huo huo kwa biti ya herufi T na ile ya tundu la kutundikia picha.

Biti isipopatikana

Kuna maumbo ambayo hata biti mbili hazitayafikia. Bado zipo njia tatu.

Ya kwanza ni kuondoa sehemu kubwa ya ubao kwa ruta, ngazi baada ya ngazi kwa biti iliyonyooka, mpaka umbo lifanane na vidato vinavyokaribia mstari wa mchoro. Kisha malizia kwa randa ndogo, patasi ya bonde na msasa uliozungushiwa kijiti chenye umbo lile.

Ya pili ni kikwangulio. Chukua kipande cha msumeno wa chuma uliokwisha kazi, kichonge kwa tupa kiwe kinyume cha umbo unalolitaka, kifunge kwenye kishikio cha mbao chenye bega la kuegemea ukingo, kisha kwangua mbele na nyuma kwa shinikizo dogo. Kwa ukanda wa mita tatu nne uliokwisha kupunguzwa kwa ruta, kazi hii haimalizi siku, na umbo linatoka sawasawa na la zamani, pamoja na zile dosari ndogo za mkono zinazoifanya kazi ionekane ya kale.

Ya tatu ni kuagiza biti itengenezwe na kiwanda chenye mashine za kazi hiyo. Inalipa pale tu mita zinapokuwa nyingi, kama jengo zima.

Lisilofaa ni kuinoa biti ya kawaida kwenye jiwe la umeme ili kuibadilisha umbo. Makali ya kabaidi hayanolewi kwa jiwe la kawaida, yanahitaji almasi. Na hata ukifaulu, upande mmoja ukiwa mzito kuliko wa pili, biti itatetemeka kwa kasi ya ruta mpaka ivunjike au ifungue koleti.

Mbao zetu na makali

Mvule una sifa ambayo kila fundi wa Pwani anaijua kwa uchungu: ndani yake huweza kuwa na mawe, chokaa iliyoganda kwenye nyuzi, ambayo kwa nje huioni. Makali ya chuma cha kawaida yakigonga hapo yameisha. Kwa mvule, mbambakofi na mbao nyingine ngumu, pamoja na MDF na plaiwudi, tumia kabaidi. Biti ya chuma hubaki na faida kwa mbao laini na kwa kazi fupi, na inanoleka kwa jiwe la mafuta.

Dukani, itazame biti kabla ya kulipa. Kabaidi iwe nene ya kutosha kunolewa tena, kiungo chake na chuma kisiwe na mwanya, makali yasiwe na mapengo, beringi izunguke bila kukwama, na shina liwe laini lisilo na kutu. Seti kubwa ya bei ya chini ina kazi yake ya kujifunzia. Kwa kazi ya mteja, biti mbili nzuri zinazolingana na mchoro zina thamani kuliko thelathini zisizolingana.

Kasi na usalama

Kadiri biti inavyokuwa pana, ndivyo ncha yake inavyokimbia zaidi kwa mzunguko ule ule. Biti ya milimita 12 kwa mizunguko 24,000 ina ncha inayokwenda mita 15 kwa sekunde. Ya milimita 80 kwa mizunguko hiyo hiyo inafika mita 100 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 360 kwa saa. Kwa hivyo punguza: hadi milimita 25, kasi kamili ya mashine, kati ya 25 na 50, mizunguko 18,000 hivi, kati ya 50 na 65, takriban 15,000, zaidi ya hapo, 10,000 hadi 12,000. Mtengenezaji akiandika kikomo kidogo kuliko hiki, fuata chake. Biti ya zaidi ya milimita 50 ni ya meza, si ya mkono, na mashine isiyo na kipunguza kasi haifai kuifunga kabisa.

Chomoa waya ukutani kila unapobadilisha biti. Ingiza shina mpaka chini, kisha livute juu milimita 2 au 3 kabla ya kukaza, na hakikisha robo tatu ya shina imo ndani. Ukikata ukingo wa nje kwa mkono, zunguka ubao kinyume cha mishale ya saa. Ndani ya tundu au fremu, fuata mishale. Kwenye meza, sukuma ubao kutoka kulia kwenda kushoto. Ukigeuza mwelekeo, biti itaunyakua ubao na kukimbia nao.

Miwani, kinga za masikio na barakoa si anasa. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na vumbi la mvule hukera ngozi na mapafu ya watu wengi hata kabla ya kufika huko.

Mlango wa kale si ubao wa kujaribia

Neno la mwisho ni kwa kazi za Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa. Mji wa Kale wa Lamu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na milango yake ya nakshi, miimo na mfaa, ni sehemu ya urithi huo. Ukiletewa mlango au dirisha la zamani, usiupitishie ruta ubao wa asili. Zungumza kwanza na ofisi ya uhifadhi au Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, piga picha kabla ya kugusa, na ubadilishe tu kilichooza. Ruta ikate kipande kipya peke yake. Kukiunganisha na kazi ya wazee ni kazi ya patasi. Vipande vilivyotolewa vitunze, kwa maana atakayekuja baada yako atahitaji kupima umbo kutoka kwenye ubao wa kweli, si kutoka kwenye nakala ya nakala.

Kwa hivyo, kabla ya kwenda dukani, mfukoni mwako kuwe na vitu vinne: mchoro wa umbo kwa ukubwa wake halisi, upana, kina na nusu kipenyo cha kila sehemu, kipimo cha koleti ya mashine yako, na jibu la mahali biti itakapoingia, itakapotokea na itakapoegemea. Nyumbani uwe umeacha kipande cha ubao wa aina ile ile cha kujaribia, kwa sababu mkato wa kwanza wa biti mpya haufai kuwa kwenye ubao wa mteja. Wahenga walisema kila chombo kwa wimbile, na biti nayo ni kwa umbo lake.